Sala ya kimya katikati ya foleni za Dar: inawezekana kwa mtu wa kawaida, au ni ya watawa tu?

#1 Ngosha Mkimya

Wakuu, salaam.

Nina hoja, naomba tuijadili kwa staha. Makanisani mwetu tumefundishwa kuomba kwa kusema: mikesha, novena, rozari, maombi ya kufunga. Yote nayashika na siyabezi hata kidogo. Lakini Mkristo ana urithi mwingine ambao huku mtaani hatuambiwi habari zake, nao ni kukaa mbele za Mungu bila maneno mengi. Wakatoliki huuita taamuli. Zaburi ya 62 inaanza hivyo hivyo: "Nafsi yangu yamngoja Mungu peke yake kwa kimya."

Dai langu: urithi huo si wa mmonaki wa monasteri za Peramiho au Ndanda peke yake. Ni wa konda, wa karani, wa mama anayefua. Tena Dar hii hii yenye honi, spika na jenereta ndiyo mahali pa kuuishi. Tukisubiri mji utulie tutazikwa tukisubiri.

Nani anauishi? Anauishije, saa ngapi, wapi? Anayepinga naye aje na hoja.

#2 Mpita Njia

Nimewahi siti ya mbele. Waje wajuzi.

#3 Mama Neema wa Tabata

Wanangu, mimi nauza chakula, sijasomea dini. Saa kumi alfajiri niko jikoni. Majirani bado wamelala, nachambua mchele kwenye ungo, simu nimeiegemeza kwenye ndoo inimulikie. Unapepeta, pumba zinasogea mbele, halafu kidole kinaanza kutafuta mawe. Vile vijiwe vyeupe ndivyo vibaya, vinafanana na mchele wenyewe, lazima uvihisi kwa ncha ya kidole. Mkono ukishazoea kazi, moyo unakuwa huru. Kila jiwe ninalotoa nasema "Bwana". Siongezi kitu. Mpaka mkaa ushike, hata hilo neno limeisha, nipo naye tu.

Saa moja wateja wanaanza: "Mama, nyama mbona ndogo?" Ile hali haiondoki mara moja. Inanizuia kujibu kwa hasira.

#4 KijanaWaTandika

Mama Neema, nielekeze kibanda kilipo, huku kwetu wali unatafuna na kokoto.

Kwenye mada: huyu mama anafanya kama yule padre wa Hispania, Lawrence, aliyekuwa mpishi monasterini na kusema Mungu anatembea kati ya sufuria.

#5 binti_upanga

Mkuu #4, hapo umeunganisha watu wawili.

Aliyesema habari ya sufuria ni Theresa wa Avila, Mhispania wa karne ya 16. Aliwaandikia masista wake kwamba utii ukiwapeleka jikoni wasihuzunike, Bwana yumo humo humo kati ya vyungu.

Lawrence ni Mfaransa, Bruda wa shirika la watawa Wakarmeli mjini Paris, hakuwa padre. Jina la kuzaliwa ni Nicolas Herman, aliwahi kuwa askari, akaumia mguu vitani. Akiwa kijana wa miaka 18 aliona mti mkavu wakati wa baridi, akawaza kwamba baada ya muda mfupi utachipua tena, na wazo hilo likamgeuza maisha. Monasterini alipangiwa jikoni miaka mingi, kazi ambayo kwa tabia yake hakuipenda kabisa, baadaye akahamishiwa kutengeneza viatu. Alifariki 1691. Hata kitabu hakuandika: padre mmoja alikusanya barua zake na mazungumzo yao, akayachapisha baada ya kifo chake.

Mafundisho yake ni mafupi. Ongea na Mungu ukiwa kazini kama ulivyo, ukimsahau rudi bila kujilaumu sana. Alisema alikuwa na Mungu katika kelele za jikoni sawa na akiwa amepiga magoti mbele ya Sakramenti Kuu.

#6 KijanaWaTandika

Shukrani dada. Kwamba jikoni hakukupenda, hilo limenigusa kuliko yote. Nilidhani watu hawa huwa wamepata kazi wanazozipenda.

#7 Mtumishi Nuru

Shalom. Naomba niwe upande wa pili, kwa upendo.

Biblia haijatufundisha kukaa kimya kichwa kikiwa kitupu. Mathayo 12 pepo anarudi kwenye nyumba anaikuta "tupu, imefagiwa na kupambwa", anaingia na wenzake saba. Imani huja kwa kusikia, na kusikia huja kwa neno. Na huko kurudiarudia jina moja, Yesu amekataza: "msipayuke-payuke, kama watu wa mataifa." Kuta za Yeriko zilianguka kwa kelele za shangwe. Mimi nilifunguliwa kwenye mkesha wa maombi ya sauti, pombe ikaniacha usiku ule, na siwezi kuona haya kulisema.

#8 Mlutheri wa Kijitonyama

Mtumishi, Mungu asifiwe kwa kufunguliwa kwako. Ila soma Yoshua 6:10. Siku zote za kuzunguka Yeriko watu waliamriwa wasitoe neno kinywani mpaka siku watakayoambiwa. Siku sita za kimya, halafu kelele. Na Hana, mamaye Samweli, alinena moyoni, midomo ikacheza tu, sauti isisikike. Eli kuhani akamdhania amelewa. Nehemia naye yuko mbele ya mfalme, ameulizwa swali, na kabla ya kujibu "nikamwomba Mungu wa mbinguni". Hiyo ni sala ya kazini kabisa, tena bosi anakutazama usoni.

#9 Mtumishi Nuru

Mlutheri, ya Yeriko nakupa. Lakini Hana alikuwa na ombi, Nehemia alikuwa na ombi. Mimi nauliza juu ya mtu anayekaa pasipo ombi wala neno. Huyo anafanya nini hasa?

#10 Dereva Rangi Tatu

Mimi naendesha daladala Mbagala–Kariakoo. Naweza kujibu kwa upande wangu.

Padre mmoja wa Kiorthodoksi alipanda gari langu siku moja, akakaa siti ya mbele, ana kamba ya mafundo mkononi. Tukakwama foleni. Nikamuuliza ile kamba ni ya nini. Akanifundisha: "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi." Fundo moja, sala moja. Mimi kamba sina, natumia taa za breki za gari la mbele. Zikiwaka, naisema. Na foleni ya Kilwa Road taa za breki zinawaka sana.

Sijawa malaika. Ukinichomekea nitapiga honi. Ila matusi yamepungua, konda wangu ni shahidi.

#11 Mchuuzi wa Msimbazi

Mimi ni Muislamu, nimevutwa na kichwa cha habari. Sisi baada ya swala tuna tasbihi: Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 33 au 34. Kurudia kunaulainisha moyo, hilo kwetu halina ubishi, na watu wa tarika wana dhikri zaidi ya hapo. Sikujua kwamba na nyie mnayo. Endeleeni, nasoma.

#12 binti_upanga

Karibu sana kaka.

Dereva, sala hiyo ina mizizi kwa wamonaki wa jangwani Misri, na ilishika sana mlima Athos huko Ugiriki. Karne ya 14 walishambuliwa kwa swali lile lile la Mtumishi Nuru, kwamba wanakaa tu wanafanya nini. Mmonaki Gregory Palamas akawatetea. Yeye alikufa 1359, na Kanisa la Mashariki linamheshimu kama mtakatifu mpaka leo. Maneno yenyewe yametoka Luka 18, mtoza ushuru aliyejipigapiga kifua. Na kuhusu kurudia: Zaburi 136 inasema "Kwa maana fadhili zake ni za milele" mara 26. Yesu alikataza kudhani kwamba wingi wa maneno unamlazimisha Mungu asikie. Mtu wa sentensi moja siyo huyo.

#13 Sauti ya Nyika

Nafundisha baiolojia sekondari, na ni Mkristo. Naomba niongeze kitu ambacho hamtakipenda.

Ukipumua polepole na kurudia maneno kwa mdundo, mapigo ya moyo yanashuka na misuli inalegea. Mwili ndivyo ulivyoumbwa. Mama Neema kwenye ungo, Dereva kwenye foleni, Mchuuzi na tasbihi yake, wote watatulia. Atatulia hata asiyeamini chochote akikaa anahesabu pumzi. Sasa nyinyi mnajuaje kwamba huo utulivu ni Mungu? Siulizi kwa kukejeli. Swali hili linanisumbua mimi mwenyewe nikiwa kanisani.

#14 Fundi Kerege

Ndiyo maana Vatikani ilipiga marufuku haya mambo ya meditesheni mwaka 1989. Wakatoliki mliomo humu mnalijua hilo?

#15 Babu wa Ukonga

Nimekuwa katekista muda mrefu, acheni nijibu wawili kwa pamoja.

Fundi Kerege, barua ya tarehe 15 Oktoba 1989 ilitoka Idara ya Mafundisho ya Imani, wakati huo chini ya Kardinali Ratzinger. Haikupiga marufuku. Ilionya mtu asidhani kwamba mbinu ya kukaa au kupumua ndiyo sala yenyewe, na asichukulie raha ya mwili kuwa ni faraja ya Roho Mtakatifu. Ikasema pia kwamba yaliyo mema kutoka dini nyingine yanaweza kupokewa, mradi yasiififishe sala ya Kikristo. Kwa hiyo, mwalimu wa baiolojia, swali lako liliulizwa kule Roma kabla yako.

Jibu langu kwako: utulivu si kipimo. Yohane wa Msalaba, mtawa wa Kikarmeli wa Hispania, alifungwa na watawa wenzake mjini Toledo, 1577 hadi 1578, chumba kidogo, giza, fimbo. Humo ndimo alimotunga baadhi ya mashairi yake makubwa. Anafundisha kwamba Mungu akimkaribia mtu, mara nyingi mtu huhisi ukavu. Sala haina ladha, moyo hausikii kitu. Nimewaona wajane wa jumuiya yetu katika hali hiyo, wanakuja kila juma, wanasema "Babu, sisikii chochote", na bado wanakuja. Mimi nawatazama hao kwa heshima kuliko wanaolia kwa furaha. Mapigo ya moyo wao hayajashuka, mwalimu. Wamekonda kwa mawazo. Na upendo wao umekua, kila mtu mtaani anauona.

Kipimo ni Wagalatia 5:22, tunda la Roho: upendo, uvumilivu, fadhili na mengineyo. Ukitoka kwenye kimya chako ukawa mkali kwa mkeo, kimya hicho kilikuwa usingizi.

Mtumishi Nuru, kuna mkulima wa Ars, Ufaransa, alikuwa akikaa kanisani mbele ya tabenakulo, kile kisanduku cha Ekaristi. Padre wake, Yohane Maria Vianney, alipomuuliza anafanya nini, alijibu: "Namtazama, naye ananitazama." Ombi hana. Lakini hayuko peke yake humo ndani.

#16 Nesi wa Zamu

Babu, amina kwa hilo la mke. Na nitalisukuma mbele kidogo.

Nyumba ngapi baba yuko kwenye "maombi binafsi" na mama ana mtoto mgongoni, anafua, anapika, na Jumapili anahubiriwa kwamba Martha alikosea kuhangaika na kazi za nyumbani badala ya kuketi miguuni pa Yesu kama dada yake Mariamu? Mimi zamu ya usiku wodini nina wagonjwa wengi kuliko mikono yangu. Chumba cha ndani cha kuombea kwa siri, kile cha Mathayo 6, sina. Nina sinki. Tunatakiwa kunawa kabla na baada ya kila mgonjwa: viganja, katikati ya vidole, migongo ya mikono, vidole gumba, ncha za kucha. Hapo maji yanapotiririka nalitaja jina la mgonjwa ninayemwendea. Jina tu. Nikimaliza kunawa nimeshamkabidhi, naenda kumgeuza au kumchoma sindano. Kwangu Mungu yuko kwa yule mzee anayelia usiku, na kukaa kimya bila kumgeuza kitandani kungekuwa dhambi.

Kwa hiyo mimi sikubaliani na mleta mada kwamba kimya ndiyo mlango. Mlango ni mtu aliye mbele yako.

#17 Ngosha Mkimya

Dada Nesi, nimekusoma mara mbili. Sina ubishi na sinki lako, natamani wahudumu wote wawe hivyo. Nachotetea ni kwamba bila muda wa kukaa peke yako na Mungu, huruma huchakaa. Yesu mwenyewe, Marko 1:35, baada ya jioni ya kuponya watu mlangoni, alfajiri aliondoka akaenda mahali pasipo na watu. Na yule yule Theresa wa sufuria aliandika kwamba Martha na Mariamu lazima wampokee Bwana pamoja, la sivyo Bwana atakosa chakula.

#18 Nesi wa Zamu

Alfajiri aliondoka, sawa. Hakuwa na mtoto wa kunyonyesha.

#19 Mama Neema wa Tabata

Nesi mwanangu, nimekuelewa mpaka chini. Ukipita Tabata kula bure.

#20 Karani wa Posta

Niende kwa watu wa ofisini, maana mmetusahau. Sisi hatuna ungo wala sinki, tuna kompyuta na vikao.

Evagrius, mmonaki wa Misri aliyekufa 399, alieleza pepo anayemshambulia mtawa kuanzia saa nne hadi saa nane. Saa zake zinahesabiwa tangu jua linapochomoza, kama saa zetu za Kiswahili, kwa hiyo hazihitaji kubadilishwa. Anasema pepo huyo hulifanya jua lionekane halisogei. Mtawa anachungulia dirishani, anaangalia kama kuna mwenzake anakuja, anaichukia kazi, anaichukia sehemu aliyopo, anawaza kwamba angekuwa kwingine angemtumikia Mungu vizuri zaidi. Nilipoisoma nilibaki mdomo wazi. Saa tano asubuhi, feni inazunguka, faili liko mbele, na mkono uko kwenye simu unaperuzi nafasi za kazi za watu wengine.

Dawa yake ni kubaki. Usitoke chumbani. Fanya kilicho mbele yako, kwa machozi ikibidi. Nimeanza kuiona kazi ya kupanga stakabadhi kuwa ndiyo chumba changu. Mtakatifu Benedikto naye, katika sura ya 31 ya Kanuni aliyowaandikia wamonaki, anamwagiza mtunza stoo wa monasteri aviangalie vyombo vyote kama vyombo vitakatifu vya altare. Jembe, sufuria, na kwangu mimi stepla.

#21 Fundi Kerege

Benedikto si ndiye mwenye "Sala na Kazi"?

#22 binti_upanga

Msemo huo ni wa watu wa baadaye, ndani ya Kanuni haumo. Roho yake ndiyo imo.

Jamani, swali la pembeni: mchana mjini mnakaa wapi? Mimi nikikuta mlango wazi huingia Mtakatifu Yosefu, lile kanisa la Wajerumani mbele ya bandari, lililojengwa 1897 hadi 1902. Kuta nene, honi zinasikika kwa mbali.

#23 Mlutheri wa Kijitonyama

Kanisa letu la Azania Front liko hatua chache tu kutoka hapo, na sisi tuna benchi pia. Karibu.

#24 KijanaWaTandika

Siku ya mapumziko panda Pugu. Ndiko misheni ya kwanza ya Kikatoliki Tanganyika ilipoanzia, hewa safi, miti.

#25 Babu wa Ukonga

Mjukuu, ya kwanza bara ni Bagamoyo, Mapadre wa Roho Mtakatifu, 1868. Pugu ni ya Wabenediktini, 1888, na Januari 1889 ilivamiwa na kuchomwa wakati wa vita vya Abushiri, baadhi ya wamisionari wakauawa. Ukienda kukaa kimya Pugu kumbuka pia waliolala pale. Hewa safi ipo, hujakosea.

#26 Mlutheri wa Kijitonyama

Kabla uzi haujageuka wa Wakatoliki watupu: Wamoraviani wa Herrnhut, Ujerumani, walianza mnyororo wa maombi mwaka 1727, watu wakipokezana saa kwa saa usiku na mchana, ukadumu zaidi ya miaka mia. Kijitabu chao cha andiko la kila siku kilichapwa mara ya kwanza kwa mwaka 1731, na bado kinatoka. Hao ndio waliofika Rungwe 1891. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akisoma andiko la siku asubuhi na kulirudia shambani mpaka jioni, mstari mmoja kutwa nzima, akipalilia.

Na Frank Laubach, mmisionari Mmarekani kule Ufilipino, yule wa kampeni za kufuta ujinga. Mwaka 1930 alianza kujaribu kumkumbuka Mungu kila dakika. Akakiri kwamba siku nyingi alishindwa, na akaanza upya kila mara. Alikuwa anaishi kati ya Waislamu, Mchuuzi, na aliandika kwamba walimfundisha mengi juu ya kujisalimisha kwa Mungu.

#27 Mchuuzi wa Msimbazi

Huyo nitamtafuta nimsome.

#28 Mtumishi Nuru

Bibi wa Mlutheri namkubali bila shida, maana ana Neno mkononi. Mkulima wa Ars naye, kama alikuwa anamtazama Yesu, sina neno naye. Wasiwasi wangu umebaki kwa hawa wa kufundisha watu wasiookoka wakae tu, wapumue, wakisubiri. Wanasubiri nani? Ukinijibu hilo nitakaa na wewe Pugu.

#29 Sauti ya Nyika

Na langu la #13 bado, Babu. Matunda ya Wagalatia nayaona hata kwa jirani yangu asiye na dini: mpole, mvumilivu, mwaminifu. Tukisema matunda ndiyo kipimo, basi yeye naye ana kile tunachokitafuta, au kipimo hakitoshi.

#30 Babu wa Ukonga

Mwalimu, na kwa nini unaona shida Mungu akifanya kazi kwa jirani yako kabla hajamjua kwa jina? Matendo 17:28, Paulo akiwaambia watu wa Athene ambao walikuwa hawajabatizwa: "ndani yake yeye tunaishi, tunakwenda, na kuwa na uhai wetu."

#31 Sauti ya Nyika

Sioni shida. Naona tu kwamba hapo Mtumishi Nuru hatakubali.

#32 Mtumishi Nuru

Sikubali. Lakini Jumamosi nina nafasi. Nani anaenda Pugu, na tunapandia wapi?

#33 Dereva Rangi Tatu

Jumamosi gari liko gereji, naenda kwa miguu yangu kama abiria. Tukutane Gongo la Mboto stendi saa moja asubuhi. Nesi, kama unatoka zamu, pumzika, sisi tutakutaja jina.